Tundu la Sahani

Saturnina, nilikudanganya.
Uliponiuliza, kwa kidole na kwa Kihispania
ambacho wewe na mimi tulikiazima,
"Kwenu mna mawe ya zamani?"
nilitikisa kichwa. Nikasema hapana,
kwetu mchanga tu, na joto.

Nisamehe, sikuwa na pumzi ya kusema mengi.
Mapafu yangu ni ya Kunduchi Mtongani,
yamelelewa usawa wa maji ya chumvi,
na huko kwako hewa inapimwa kwa kijiko cha dawa.
Hatua kumi, nasimama. Hatua sita, nasimama.
Wenzangu wa mkutano wa maji walikwisha rudi garini,
wameshika vichwa, wanaapa kwa mama zao.
Wewe uliacha kuchimba viazi,
ukafuta mikono kwenye sketi tatu ulizovaa kwa mpigo,
ukatoa ufunguo kifuani,
ukafungua geti la waya
ambalo mbuzi yeyote angelipita kwa pembeni.

Nyuma ya geti, ukuta.
Sijui niuite nini. Hukuuita kitu.
Hata Wainka, ulisema, waliukuta umezeeka,
wakauliza ni wa nani, wakakosa wa kuwajibu.
Jiwe juu ya jiwe, bila udongo wa kuyashika,
kama ndugu wasiosemezana na hawahami nyumba.
Katikati yake, matundu.
Ukaingiza mkono katika moja hadi kwenye kiwiko:
hapa palikuwa na kichwa cha jiwe, chenye meno.
Wakaja watu na lori.
Nami nikaingiza wangu.
Baridi ya mle ndani, Saturnina.
Sijawahi kushika kitu kisichokuwepo
kikanishika namna ile.

Kwenye daftari, mgeni wa mwisho alipita miezi mitano nyuma.
Niliandika: Siwema Kondo, Dar es Salaam.
Safu ya maoni nikaiacha tupu.

Basi sikiliza.
Toka kwangu mpaka kwenye magofu ni dakika ishirini kwa miguu,
na mimi nina miaka arobaini na mmoja.
Nimepita njia ile nikifuata mkaa, nikienda msibani,
nikimsaka kuku wa shangazi.
Sikuwahi kukata kona.

Hakuna mlima. Hakuna majani ya kutafuna.
Kuna mbigili, chupa za maji,
na jenereta la jirani linakohoa.
Kijana wa zamu, Dosa, alikuwa amesinzia.
Akatafuta kitabu cha stakabadhi, akatafuta kalamu,
akaniuliza: mtalii au mwenyeji?
Nililipa bei ya mwenyeji,
ila ulimi ulichelewa.

Makaburi ya matumbawe. Nguzo zake zimesimama
kama kidole cha mtoto anayeomba kusema darasani,
na mwalimu hamwoni.
Na kwenye nguzo, Saturnina, matundu!
Ya duara, saizi ya kisahani cha chai.
"Palikuwa na sahani za kaure, za Uchina," Dosa akapiga mwayo,
"watu wakabandua."
Lini?
"Zamani."
Watu gani?
"Watu."
Kimebaki kipande kimoja cha samawati, kama kucha,
chokaa imekishika kwa ukaidi.

Nikatazama kushoto, kulia, nikakunja ngumi.
Haikuingia. Tundu la kwetu halina kina,
linataka kiganja.
Nikakibandika, kikajaa.
Palikuwa na joto, kama mtu kaondoka sasa hivi.
Sikumwona nyigu, aliyeanza nyumba yake ya udongo humo.
Alinidunga kidole cha kati.

Nimevimba. Nakuandikia kwa mkono wa kushoto,
ndiyo maana herufi zinalewa.
Jana mama alinisugua kitunguu, akauliza nimeyatoa wapi.
Nikamwambia.
Akanyamaza, akaendelea kusugua.
"Bibi yako alikuwa akifagia kule kila Alhamisi," akasema.
"Nilidhani unajua."

Kijijini kwako hakuna sanduku la posta,
barua hii sijui itapanda vipi.
Ila ukiniuliza tena, kwa kidole:
yapo.
Na ufagio wa bibi upo, nyuma ya mlango wa jikoni,
umeisha upande mmoja.